Toleo Halitoki Bila Kukaguliwa

Askari anayehamishwa hubeba sanduku, blanketi na barua ya uhamisho. Faili lake la matibabu mara nyingi hubaki nyuma. Sisi wa hapa Mbuya, majirani wa hospitali ya jeshi, tunajua taabu ya mtu anayelazimika kueleza maradhi yake upya kila aendako.

Ndiyo maana yafaa ndugu zetu wa jeshi na polisi waijue OpenMRS, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka 2004, ikaanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na yeyote aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Juu ya msingi huo imejengwa UgandaEMR, inayotumika katika vituo vyetu vya afya, hasa kliniki za Ukimwi.

Askari atauliza: mafundi waliotawanyika Kampala, Nairobi na Marekani, wasioamrishana, hupatanaje? Kila toleo hupewa msimamizi. Hana nyota begani. Silaha yake ni tarehe na neno "bado". Siku iliyowekwa ikifika, hufunga lango. Jambo jipya haliingii tena, hata liwe zuri namna gani. Hupokelewa marekebisho ya kasoro tu. Nakala za majaribio hutangulia kwa watumiaji, na kosa zito likionekana, toleo hungoja.

Namba nazo zina sheria. Tarakimu ya kwanza hutangaza mageuzi makubwa yawezayo kuvunja mambo ya zamani, ya pili nyongeza, ya tatu marekebisho. Tuseme 2.0.0 imekwisha kutoka: haiguswi tena. Kosa likigunduliwa kesho yake, hutolewa 2.0.1. Vinginevyo zahanati mbili zingekuwa na namba moja na programu mbili, na fundi asingejua aanzie wapi. (Tuliwahi kuona amri ya kambi iliyosahihishwa kwa wino bila kupewa namba mpya, kampani moja ilifika gwaride wakati nyingine ikinywa chai.)

Zaidi ya hayo, toleo jipya laweza kubadili mpangilio wa kumbukumbu zenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na benchi limejaa wagonjwa wanaongojea dawa, hapana njia ya kurudi ila kwa nakala iliyohifadhiwa kabla. Kwa hiyo msimamizi huambatanisha maelezo: kipi kimebadilika, kipi kingali na kasoro, na karani afanye nini kabla hajagusa kitu.