Kinu cha Alfajiri na Usingizi wa Jirani

Ndugu msomaji, je, umepata kuamshwa saa kumi ya alfajiri na kinu kisicho chako? Usiku bado mzito, jogoo ndiyo kwanza ajipige mbawa, na huko uani mtu ameanza: pu, pu, pu. Unajifunika shuka kichwani, haisaidii. Mtoto anaamka, analia. Baba anaguna. Nawe unasema moyoni, "Leo nitamwambia!" Ngoja kwanza. Kabla hujamwambia, tuzungumze kidogo.

Zamani jambo hili lilikuwa la watu wa mjini. Siku hizi hata kwetu vijijini zimo nyumba za kupanga. Mwalimu aliyehamishiwa hapa, mganga wa zahanati, fundi, mwenye duka, wote wanahitaji chumba. Nenda Maneromango, katika wilaya ya Kisarawe, utazikuta nyumba za namna ile ile ya Dar es Salaam: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani nyuma, mahali pa kupikia, kufulia na kuogea. Familia sita zakaa chini ya bati moja.

Tena tazama juu. Katika nyumba nyingi kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, wala dari hakuna. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakuambia pole. Sauti yapita juu ya ukuta kama moshi. Na kishindo cha kinu chapita chini, katika sakafu ya saruji, kikafika mpaka kwenye miguu ya kitanda.

Wala usidhani ghorofa ndiyo dawa. Vijana wetu wengi wanakwenda kupanga Dar es Salaam. Kule Magomeni Kota, mwaka 2022 zilizinduliwa nyumba za ghorofa kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wa zamani wa mahali pale. Katika ghorofa, sakafu ya jirani ndiyo dari yako. Akiburuta meza juu, wewe wa chini ndiwe unayeisikia.

Basi, usingizi si uvivu. Waganga wanasema mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na mtoto wa shule wa miaka sita hadi kumi na miwili ahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Sikio halifungwi kama jicho. Hata ukilala, lenyewe linasikia, na moyo waweza kushtuka bila wewe kuamka. Ndiyo sababu mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sauti ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na sauti ya ghafla isizidi 45. Desibeli 30 ni kama mtu anayenong'ona. Sasa kipime kinu!

Lakini jambo moja tusilisahau: kelele ya alfajiri, mara nyingi, ni kazi ya mtu. Mlevi hupiga kelele usiku wa manane. Anayetwanga saa kumi ana jambo lake. Ukitaka kuiondoa kelele bila kuiuliza kazi, utaondoa chakula cha mtu.

Tuseme hivi. Katika nyumba moja amepanga mama mmoja, mjane, anayeuza vitumbua. Abiria wa gari la kwanza na watoto wa shule ndio wanunuzi wake, kwa hiyo lazima saa kumi na mbili viwe tayari. Anaamka saa kumi na kutwanga mchele. Chumba cha pili amepanga dada mwenye mtoto mchanga anayeumwa tumbo. Mtoto analala saa nane. Saa kumi kinu kinamwamsha. Siku ya nne dada yule anatoka na khanga moja, anapiga kelele ukumbini: "Hii ni nyumba au mashine ya kukoboa?" Mama anajibu kutoka uani: "Asiyetaka kelele akajenge yake!" Tangu hapo hawaamkiani. Mmoja anabamiza mlango, mwingine anatwanga kwa nguvu zaidi. Na watoto, ambao hawana kosa, wanakatazwa kucheza pamoja.

Je, kosa liko wapi? Maneno yale hayakuwa uongo, bali yalisemwa saa mbaya. Saa kumi ya alfajiri hakuna mwenye busara: mmoja ana usingizi, mwingine ana haraka. Ngoja jioni. Nenda na hodi, si na ngumi.

Sasa tuseme dada yule amepoa, anakwenda jioni.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu," anajibu mama, lakini uso ameukunja.

"Mama, nimekuja kuomba radhi kwa maneno ya juzi. Mtoto ananiumiza kichwa, halali mpaka saa nane."

"Kumbe anaumwa? Mwanangu, mimi sikujua. Nilidhani wanichukia tu, maana kila usiku wanibamizia mlango."

"Ule mlango umevimba kwa mvua, mama, haufungiki bila kusukumwa. Nami sikujua kama wakukera."

Umeona? Kila mmoja alikuwa na kelele yake, wala hakuisikia. Wakakaa, wakapanga. Mchele ulowekwe mchana, utwangwe saa kumi na mbili jioni, uchanganywe na hamira kidogo na kufunikwa. Alfajiri ni kutia tui na kuchoma tu. Dada naye apeleke mlango kwa fundi upigwe randa. Mama hakupoteza hata kitumbua kimoja, na ada ya mwanawe haikupungua. Mtoto mchanga akapata saa mbili zaidi.

Nawe msomaji, jaribu haya katika nyumba yako:

Kinu kisiwekwe juu ya saruji wala karibu na ukuta. Kiweke juu ya udongo, chini yake gunia lenye mchanga. Kishindo kitamezwa na mchanga kabla hakijafika kwa jirani.

Maji yatekwe jioni. Ndoo ya bati na sufuria zipangwe kabla ya kulala, ili alfajiri usizigonganishe gizani.

Bawaba za mlango zitiwe mafuta. Tone moja la mafuta lanyamazisha mlio wa mwaka mzima.

Simu ya kukuamsha iwekwe chini ya mto, si juu ya kabati ukumbini. Redio ni yako, lakini sauti yake ni ya wote, isubiri jua.

Mwenye pikipiki aisukume mpaka barabarani, ndipo aiwashe.

Na jogoo? Wengine humfunika kwa kapu gizani wakidhani atasahau. Hasahau! Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, nchini Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika, huwika saa yake ikifika. Basi dawa ni kuhamisha banda, lisiegemee dirisha la mtu.

Ziko sauti nyingine zisizofaa kugombaniwa. Mwezi wa Ramadhani jirani yako Mwislamu ataamka kula daku. Nawe siku ya misa ya alfajiri utawaamsha watoto, uwavike, utafute kiatu kimoja kilichopotea. Mwarifu mwenzako mapema, naye atakuarifu. Sauti iliyotangulizwa na taarifa haiumi kama ile ya kushtukiza.

Kama kusema moja kwa moja kwakupa haya, tumia utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja aweza kumwambia mwenziwe, "Kinu chako hicho kimetumwa kuniua," wakacheka wote, na ujumbe umefika.

Je, akikataa kabisa? Mwone mwenye nyumba, awaite wapangaji wote na kuweka saa ya nyumba. Ikishindikana, mwendee mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Sheria nayo ipo: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitolewa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, na kiwango cha usiku kimewekwa chini kuliko cha mchana. Lakini sheria hiyo yawafaa zaidi wenye baa na viwanda. Kumpeleka mama wa vitumbua mbele ya wakubwa kwa ajili ya kinu, hali hujapiga hodi kwake hata mara moja, ni aibu kwako.

Maana kumbuka, siku mtoto wako akizidiwa usiku, ni nani atakayekusikia kwanza? Ni yule yule ambaye ukuta wake haufiki kwenye bati. Ukuta mfupi unaoleta kishindo cha kinu ndio utakaopeleka sauti yako ya kuomba msaada.

Basi leo jioni, kabla hujalala, sikiliza kwanza mlango wako mwenyewe. Ukilia, utie mafuta. Kisha kesho jioni nenda kwa jirani, upige hodi.