Goti, Gegedu na Vichochezi vya Ukuaji

Katika kijiji cha Simbo, kama katika vijiji vingine vya Kigoma, mchikichi ni tegemeo la kaya. Mkulima huukwea kwa kamba, hukata mikungu, kisha huibeba hadi panapokamuliwa mawese. Akiisha kufanya kazi hiyo kwa miaka 30, huenda asubuhi moja akaona goti limekaza, nalo lauma zaidi anapoteremka mlima. Watu husema kwamba goti limesagika kama jiwe la kusagia. Usemi huo una ukweli, lakini hautoshi. Jiwe halina uhai, goti linao. Ugonjwa huu, uitwao osteoathritisi, si kulika tu kwa kitu kikuukuu. Ni kubadilika kwa mwenendo wa seli zilizo hai.

Gegedu ni nini?

Mwanafunzi atakaye kuliona gegedu na aombe buchani kiungo cha goti la ng'ombe. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa tabaka jeupe, laini na lenye kung'aa. Hilo ndilo gegedu. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Maji hayo huvutwa na protini kubwa iitwayo agrekani, nayo agrekani hushikwa na nyuzi za kolajeni kama dagaa walivyoshikwa na wavu.

Seli za gegedu ni chache; kwa mtu mzima huchukua kama asilimia 2 tu ya ujazo wake. Hazina mishipa ya damu ya kuzilisha, bali hupata chakula kutoka katika ute wa kiungo. Mtu akanyagapo, gegedu hubinywa likatoa maji. Ainuapo mguu, huyanywa tena. Gegedu halina mishipa ya fahamu pia. Ndiyo sababu uharibifu waweza kuendelea muda mrefu kabla ya mtu kuhisi maumivu.

Maagizo kwa seli

Seli hizi hupokea maagizo kwa njia ya protini ziitwazo vichochezi vya ukuaji. Kila kichochezi hujishika kwenye kipokezi chake juu ya seli, kama ufunguo katika kufuli. Kichochezi IGF-1 huiamuru seli itengeneze agrekani na kolajeni. Kingine, TGF-beta, huhimiza ujenzi na kuzuia vimeng'enya viharibifu. Katika goti lenye afya, kujenga na kubomoa huenda sambamba.

Kiungo kikiumia, kikilemewa na uzito, au umri ukisogea, mizani hiyo huharibika. Mwanzoni seli hujitahidi kutengeneza palipoharibika: hugawanyika, hukusanyika makundi makundi na kuongeza kazi. Baadaye baadhi yake huvimba na kutoa vimeng'enya vinavyokata agrekani na kolajeni. La ajabu ni kwamba mwenendo huo wafanana na wa seli zilizo karibu na ncha za mifupa ya mtoto, ambako gegedu hubomolewa ili mfupa uchukue nafasi yake. Kwa mtoto huo ni ukuaji; katika goti la mtu mzima ni maangamizi.

Hata agizo lenyewe laweza kugeuka maana. TGF-beta hutumia vipokezi viwili: ALK5, kiielekezacho seli kwenye ujenzi, na ALK1, kiielekezacho kwenye ubomoaji. Mwaka 2009, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba katika panya, umri na ugonjwa hupunguza ALK5 zaidi ya ALK1. Hivyo kichochezi kile kile kilichokuwa mlinzi huweza kuwa mharibifu. Isitoshe, panya waliodungwa TGF-beta gotini waliota vinundu vya mfupa kandokando ya kiungo.

Je, dawa imepatikana?

Kwa sababu hiyo, kudunga vichochezi gotini si jambo jepesi. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio la kichochezi FGF-18 kwa wagonjwa 549. Baada ya miaka 2, gegedu la waliopata kipimo kikubwa liliongezeka unene kwa milimita 0.05, ambapo la waliodungwa kimiminika kisicho na dawa lilipungua kwa milimita 0.02. Hata hivyo, kwa jumla, maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Gegedu kunenepa ni jambo moja, mgonjwa kupata nafuu ni jambo lingine.

Kwa hiyo mwananchi na ajihadhari na yeyote auzaye dawa ya "kuotesha gegedu". Lililothibitishwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kutembea kwa kiasi, na kupunguza unene uliozidi. Jeraha la goti litibiwe mapema, na mizigo mizito ipakiwe kwenye baiskeli au mkokoteni pale inapowezekana. Mkulima wa Simbo mwenye goti bovu asiambiwe akae kitako siku zote, kwani seli za gegedu lake zahitaji mwendo ili zipate chakula.