Dar na Iringa: Wapi maisha ni matamu?

UKITAKA ubishi usioisha kijiweni, wewe waulize washikaji swali moja tu: bora kubanana Dar au kwenda kujitanua mkoani? Atakayesema Dar ataambiwa mshamba aliyezuzuliwa na taa. Atakayesema mkoani ataambiwa jiji limemshinda.

Mimi nina haki ya kuchangia. Nimezaliwa na kukulia Temeke, kisha kazi ikanipeleka Iringa miaka minne. Kote nimelala, nimekula, nimeugua na nimelipa kodi ya nyumba. Sisemi ya kuambiwa.

Tuanze na nafasi. Kwa Sensa ya mwaka 2022, Dar ina watu 5,383,728 waliobanana kwenye mkoa mdogo kuliko yote ya Bara. Iringa nzima ina watu 1,192,728, na eneo lake ni zaidi ya mara ishirini ya Dar. Sasa piga hesabu mwenyewe. Dar unadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, chumba kimoja, choo mnachangia wapangaji saba, na bado mnanuniana nani kamaliza umeme. Kule Kihesa nilipanga vyumba viwili na uani nikapanda mchicha wangu.

Usafiri ndiyo usiseme. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 watu tulishangilia, lakini mpaka leo kuna baba anatoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Wanamjua kwa picha! Iringa ukitoka kazini saa kumi na nusu, saa kumi na moja uko nyumbani umevua viatu, na njiani umeshasalimiwa "kamwene" na watu kumi.

Hali ya hewa nayo? Januari Dar feni inapuliza moto. Iringa mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba ni mablanketi mawili na soksi, na mbu anakuwa mgeni.

Mpaka hapo naona wapenzi wa mkoani mnapiga makofi. Subirini kwanza.

NJAA KWENYE SHIBE

Ukiingia soko la Iringa utadhani huko hakuna anayekosa kitu. Mahindi, viazi, maharage, maziwa, kuku, matunda, vyote vipo, na vingine vinapakiwa kwenye malori kuja kutulisha sisi wa Dar.

Sasa sikia kasheshe. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, karibu 57 wamedumaa. Ndiyo mkoa ulioongoza nchi nzima! Wastani wa taifa ulikuwa 30. Dar, tunakonunua nyanya kwa mafungu ya kuhesabu, hawakufika 20.

Inakuwaje mkoa wenye ghala ukawa na watoto waliodumaa? Jibu nililiona kwa jirani yangu, mama mchapakazi ajabu. Alfajiri yuko shambani, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka minane na sufuria la uji mweupe wa mahindi. Asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali. Nilimuuliza, "Mama, hawa kuku wote, mbona mtoto hali yai?"

Akacheka. "Mwanangu, mayai ndiyo daftari na sabuni. Tukiyala, hivyo vingine nani atatununulia?"

Sikuwa na la kumjibu. Tatizo ni kwamba udumavu hausubiri. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na ubongo. Zikipita, pengo hilo ni vigumu mno kuliziba, na mtoto anakwenda nalo mpaka darasani.

Kuna na jingine. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea Iringa ni asilimia 11.1, wakati taifa zima ni 4.4. Hii inatuhusu vijana moja kwa moja, na baridi ya Iringa isiwe kisingizio cha kusahau kinga.

Na pesa? Taarifa ya mapato na matumizi ya kaya ya mwaka 2017/18 ilisema Dar maskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 8, taifa 26.4. Ndiyo maana mabinti wa Iringa wanapanda basi, wanashuka Kitonga na kuja kulea watoto wa wenzao, huku wadogo zao wamebaki na uji mweupe.

Kwa hiyo nani kashinda? Kwa kijana asiye na familia, mwenye mshahara wake, Iringa ni tamu na sibishani na mtu. Lakini kwa mtoto anayezaliwa leo, Dar pamoja na joto lake na foleni zake inampa nafasi nzuri zaidi ya kukua. Hiyo ni aibu, kwa sababu chakula anachokikosa kimeota nyuma ya nyumba yao.

Wewe mwenye mdogo wako au mwanao huko, ukituma pesa ya sabuni ongeza kidogo, na useme wazi: yai la leo lisiuzwe. Kazi kwako.