Pomboo 400 walikufa ufukweni: nani aliwaua?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunajibu swali la watoto wa darasa la sita. Tulipokuwa tunasoma habari za bahari, waliuliza hivi: "Mwalimu, nyangumi anaishi majini. Mbona anakuja kufia nchi kavu?"

Hapa Busitema bahari iko mbali na wengi wetu hatujawahi kuiona. Lakini Ziwa Victoria si mbali, ukiteremka Majanji umelifikia. Tena swali la "nani aliua?" tunalijua vizuri sisi tunaoishi kambini. Kwa hiyo wazazi, someni pamoja na watoto.

NYANGUMI SI SAMAKI

Nyangumi na ndugu yake mdogo, pomboo, wanafanana na samaki kwa umbo tu. Wana mapafu, wanapumua hewa kama sisi, wanazaa na kunyonyesha. Kila baada ya muda lazima wapande juu kuvuta pumzi.

Sasa, mnyama kama huyo akikwama mchangani, si hewa inayomkosa. Majini mwili wake ulikuwa mwepesi kwa sababu maji yaliubeba. Nchi kavu uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu. Halafu ana mafuta mengi chini ya ngozi ya kumkinga na baridi ya bahari, basi juani anapikika akiwa hai. Maji yakijaa kabla hajaweza kugeuka, anaweza hata kuzama.

Jambo lingine ni hili: pomboo hutumia masikio kuliko macho. Hutoa mlio mfupi, mlio unagonga mwamba au samaki, unarudi. Ni kama mtoto anayepiga kelele bondeni akasikia mwangwi. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani. Kwa hiyo ukiharibu usikivu wa pomboo, au ukimtisha kwa kelele, umemfunga kitambaa machoni. Na kwa vile wanatembea kwa makundi, mmoja akipotea wengine wanamfuata.

YALIYOTOKEA NUNGWI

Ijumaa tarehe 28 Aprili 2006, watu wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, waliamka wakakuta pomboo wamekufa ufukweni. Walikuwa zaidi ya 400, wametapakaa kwenye ufuo wa kama kilomita 4. Wavuvi wa huko wamezaliwa na bahari, lakini jambo hilo liliwashangaza hata wao. Baadhi ya watu waliwapasua pomboo kuchukua maini, maana mafuta yake hupakwa vyombo vya baharini visipitishe maji.

Si mnajua watu walivyo? Maneno yalianza hapo hapo. Wengine walisema ni sumu. Wengine walitazama mbali zaidi, wakasema ni manowari za Marekani, ambazo miaka hiyo zilikuwa zikipiga doria pwani ya Afrika Mashariki. Manowari hutumia sona, chombo kinachorusha sauti kali majini kutafuta vitu vilivyojificha.

Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, akiwemo Dkt. Narriman Jiddawi, hawakuanza na mtu wa kulaumiwa. Walianza na pomboo wenyewe. Walipasua matumbo, wakaona karibu yote ni matupu. Hapo Dkt. Jiddawi akaeleza kwamba pomboo hao hawakufa kwa sumu, wala hawakufa kwa njaa. Tumbo tupu lilionyesha kwamba huenda walipoteza mwelekeo, wakaogelea muda mrefu wakitafuta njia, mpaka wakaingia maji mafupi yenye miamba. Maji yakawakimbia.

Na sona je? Swali hilo liliulizwa wazi, lakini haukupatikana ushahidi wa kuwatia hatiani wenye manowari. Mambo yakabaki hapo. Watu wengi hawapendi jibu la namna hiyo, lakini ni jibu la kweli kuliko kumtaja mtu kwa kubahatisha.

PALE USHAHIDI ULIPOPATIKANA

Msidhani lakini kwamba wakubwa huwa wanaponyoka siku zote. Mwezi wa Machi mwaka 2000, nyangumi na pomboo 17 walikwama visiwa vya Bahamas. Baadhi walipopasuliwa vichwa, ilionekana damu imevuja sehemu za masikio. Mwaka 2001 ripoti iliyoandikwa na serikali ya Marekani pamoja na jeshi lake lenyewe la majini ilikubali: sona za meli zao ndizo zilizosababisha.

Karibu nasi zaidi ni Madagascar. Mwaka 2008, kati ya mwezi wa Mei na Juni, nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia katika wangwa wa Loza, kaskazini magharibi ya kisiwa. Hao ni wanyama wa bahari kuu, hawana kazi yoyote kwenye maji ya matope na mikoko. Wasiopungua 75 walikufa. Uchunguzi ulichukua miaka. Jopo la wataalamu 5 lilichukua kila sababu, likaipima na kuifuta moja baada ya nyingine. Mwisho ilibaki moja yenye nguvu: meli iliyokodiwa na kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilikuwa ikipima kina cha bahari kwa sauti kali, kama kilomita 65 kutoka pwani, siku moja kabla ya nyangumi kuonekana. Ripoti ilitoka mwaka 2013.

HATA ZIWANI KWETU

Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021, samaki wengi walielea wamekufa kwenye fukwe za Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga hapa Uganda. Wengi walikuwa sangara, yule tunayemwita mputa, tena wale wakubwa wakubwa. Hofu ya sumu ikaenea, na watu wakaonywa wasile samaki waliokutwa wamekufa.

Serikali ilituma wataalamu. Maelezo yao ya kwanza yalikuwa kwamba dhoruba zilikuwa zimevuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yakachanganyika na ya juu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengine, na akiwa mkubwa ndiyo zaidi. Ndiyo maana alikufa yeye, wengine wakabaki. Fikirieni, kama ni sumu, ingechagua?

KWA NINI TUMEANDIKA HAYA

Wapo wanaokumbuka kuku walipokufa safu nzima hapa kambini. Asubuhi wamesinzia, jioni wamekwisha. Ikasemwa kwamba mama mmoja, aliyekuwa amefika juzi tu na watoto wake, ametega sumu. Watu wakaacha kumsalimia kwenye foleni ya maji, na watoto wake wakafukuzwa mchezoni. Siku ya nne alikuja mhudumu wa mifugo. Akachukua kuku mmoja, akampasua mbele ya watu, akaonyesha madoa ya damu ndani ya tumbo. Ulikuwa ugonjwa wa kideri. Chanjo yake ni tone moja tu jichoni. Yule mama hakuwa hata na hela ya kununua chumvi, sembuse sumu.

Wengi wetu tulikimbia makwetu kwa sababu ya maneno kama hayo, kwamba fulani na kabila lake ndio walioleta balaa. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Sawa, lakini lipo likiwa swali, halijawa jibu. Kazi ya kupasua na kutazama bado.

Basi familia zetu, wanyama au samaki wakifa wengi kwa mara moja, tufanye hivi:

1. Tusile nyama yake, na mizoga tusiitupe kwenye maji.
2. Tumwite mhudumu wa mifugo au wa afya mapema, kabla mizoga haijaoza.
3. Tuandike siku, mahali, idadi, na ni aina gani waliokufa na gani waliobaki.
4. Tusitaje jina la mtu mpaka kuwe na ushahidi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Tumbo tupu la pomboo lilifundisha nini? Kwa nini sangara alikufa kabla ya wengine? Na je, mkimsikia jirani anasingiziwa, mtamuuliza msemaji swali gani?

Watoto, leteni majibu yenu darasani. Mazuri tutayasoma mbele ya wote. Tukutane toleo lijalo.