Aliyehesabu Visiki Anyamaze?

Ukiamka mapema Chogoria, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya unauona wote mpaka vileleni. Weupe waliouzoea babu zetu umebaki vipande tu. Barafu ya Lewis ilipopimwa mwaka wa 2010, karibu asilimia 90 ya ujazo iliokuwa nao mwaka wa 1934 ilikuwa imetoweka. Ndiyo maana kijana wa Meru au Embu akichora bango la maandamano ya tabianchi, huandika kwamba barafu ikiisha, mito itakauka.

Bango hilo lina kosa. Maji ya mito ya Kathita na Rupingazi hutoka kwa barafu kwa kiasi kidogo mno. Yanayotulisha ni mvua, na msitu unaoipokea, ukaizamisha ardhini na kuiachilia polepole miezi ya kiangazi. Tukiililia barafu na kuusahau msitu, tutakuwa tumelia kwenye kaburi lisilo letu. Anayelijua hilo ni mwanasayansi, naye siku ya maandamano hayupo. Anaogopa kwamba akionekana barabarani, takwimu zake zitaitwa siasa.

Hofu hiyo naielewa. Siasa za mlima huu ni kali, na mtu akishavalishwa rangi ya chama haivuliki kirahisi. Lakini historia yetu wenyewe inanifanya niamini kwamba ni lazima atoke.

Wangari Maathai hakuanza na miti. Alianza na kupe. Alipokuwa akichunguza ndigana kali, alizunguka mashambani akikusanya kupe kwenye ng'ombe, na huko ndiko alikoona ng'ombe wamekonda na mito imejaa udongo. Mwaka wa 1971 alikuwa amepata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Angeweza kubaki maabarani. Januari 1999 alikwenda Karura, Nairobi, kupanda miche katika msitu uliokuwa umegawiwa wajenzi, akapigwa hadi kichwa kikapasuka. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, aliweka alama kwa damu yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata, huku kwetu, kazi nyingine ilianza bila kelele. Kuanzia Februari hadi Juni 1999, ndege ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ilipita juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, na waliokuwamo wakahesabu. Walihesabu tanuri za makaa. Walihesabu mashamba ya bangi yaliyofichwa katikati ya msitu. Walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti iliyokatwa. Anayeujua muthaiti ataelewa uzito wa hesabu hiyo: ni mti wa vizazi, na mbao yake ikipasuliwa hunukia kafuri. Ripoti ilichapishwa mwaka huohuo, pamoja na picha, kila mtu akaona. Mwaka wa 2000 msitu wa Mlima Kenya ukawekwa chini ya shirika hilo.

Mimi nayaona matukio haya mawili kuwa kazi moja. Damu ya Karura iliifanya nchi isikilize habari za msitu. Hesabu ya visiki iliipa nchi kitu ambacho hakuna waziri angeweza kukikana.

Gharama ipo. Rose Abramoff alifunua bango kwenye mkutano wa wanasayansi wenzake huko Marekani, na Januari 2023 akafutwa kazi katika maabara ya Oak Ridge. Hapa Kenya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa utafiti katika kifungu cha 33, na haki ya kuandamana kwa amani katika kifungu cha 37, lakini mtu wa kandarasi ya mwaka mmoja ana karo ya watoto ya kufikiria. Simlaumu anayesita. Nawalaumu wakubwa wenye vyeo visivyotikisika, wanaowaachia wanafunzi mabango.

Nina sharti moja tu. Bango lake liseme kile ambacho kipimo chake kinajua. Swali likiwa kama wakulima waruhusiwe kulima msituni huku wakitunza miche, mtafiti aseme ni miche mingapi hupona, kisha apige kura yake moja kama sisi wengine.

Tena maandamano si lazima yawe ya Nairobi. Pale Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na wazee hao wana mahali pao patakatifu hapohapo Nchiru. Mtafiti anayesoma kipimo cha mvua kila siku saa tatu asubuhi aende na daftari lake, asimame mbele yao na mbele ya umati, awasomee kwa Kimeru mvua ilivyonyesha na msitu ulivyopungua. Kisha atembee nao hadi kwa gavana.