Bibi, Unaumwa Kiasi Gani?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie.

Tuseme yuko bibi mmoja kule Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, anayeugua saratani. Kwa Waarusha, wenyeji wa huko, kijana wa jando hufundishwa asipepese jicho mbele ya kisu. Bibi naye amezoea kukaza meno. Siku moja anafikiwa nyumbani na muuguzi wa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso, huduma ambayo Hospitali ya Selian imekuwa ikiwapelekea wagonjwa vijijini kwa miaka mingi.

"Shikamoo, bibi. Toka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mbili tu."

Mjukuu wake anadakia kutoka mlangoni: "Bibi halali! Usiku kucha anaguna."

Bibi anainamisha kichwa. "Haya, andika nane."

Hapo ndipo tiba inapoanza. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika na darubini huonyesha vijidudu vya malaria, lakini hakuna mashine inayopiga picha ya maumivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto asiyejua kuhesabu huonyeshwa michoro ya nyuso, kuanzia unaocheka hadi unaolia, akagusa unaofanana na hali yake.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya vidato vitatu kwa wagonjwa wa saratani. Kidato cha kwanza kina dawa kama parasetamo, cha pili kodeini, cha tatu morfini, iliyo kali zaidi. Morfini ya kunywa hutengenezwa kwa unga na maji. Ni chungu, lakini bei yake ni nafuu. Bibi anapimiwa kwa bomba lisilo na sindano, anywe kila baada ya saa nne, asisubiri maumivu yarudi. Kwa kuwa dawa hiyo hufunga choo, anapewa na ya kulainisha.

"Sitakuwa mraibu?" anauliza.

"Ukinywa kwa kipimo, nasi tukikufuatilia, hatari hiyo ni ndogo."

Chupa inawekwa mbali na watoto, kwani morfini ya mgonjwa inaweza kumuua asiyeandikiwa.

Ujasiri wa jando una mahali pake, wajukuu zangu. Mbele ya muuguzi, jasiri ni yule anayesema kweli. Mkiumwa, semeni. Na mkimsikia mkubwa wenu akiguna usiku, msimfichie siri, mwambieni muuguzi.