Kaizari aliyevaa sare ya kijeshi

Wasikilizaji wetu wengi wanaufahamu mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mwaka 1963. Shakespeare aliutunga karibu mwaka 1599. Wakuu kadhaa wa Roma wanamuua Kaizari kwa kuhofia atajifanya mfalme. Badala ya amani, nchi inaingia vitani.

Hapa tunaeleza jinsi kijana mmoja Mmarekani alivyoufanya mchezo huo wa kale uonekane kama habari ya siku ileile.

Kijana huyo ni Orson Welles. Alikuwa na miaka 22 kundi lake, Mercury Theatre, lilipouonyesha mchezo huo jijini New York mwezi Novemba 1937. Watu walizoea kuona waigizaji wenye majoho ya Kirumi, katikati ya nguzo na ngazi. Welles aliviondoa vyote. Jukwaa likabaki tupu, na nyuma yake ukuta wa matofali uliopakwa rangi nyekundu. Kaizari na watu wake walivaa sare za kijeshi. Brutus, aliyeigizwa na Welles mwenyewe, alivaa nguo za kiraia. Taa zilimulika kutoka sakafuni kwenda juu, kama kwenye mikutano ya usiku ya chama cha Hitler.

Watazamaji walielewa mara moja. Mussolini alikuwa akitawala Italia tangu 1922, na Hitler Ujerumani tangu 1933. Mwaka mmoja tu kabla ya mchezo huo, majeshi ya Mussolini yalikuwa yameiteka Addis Ababa.

Welles alipunguza sehemu nyingi, hasa za vita vya mwisho, lakini maneno yaliyosemwa jukwaani yalikuwa karibu yote ya Shakespeare. Kilichobadilika ni mavazi, mwanga na mahali pa kutilia mkazo. Kundi lilikuwa jipya na fedha zake chache, hivyo jukwaa tupu liliokoa gharama pia.

Sehemu iliyozungumzwa sana ni fupi, na zamani waongozaji wengi waliiruka. Mshairi Cinna anakutana na umati wenye hasira. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji wa Kaizari. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi tu, na kwa Welles anatoa hata karatasi za mashairi yake, lakini hakuna anayesikiliza. Umati unamzunguka, na anamezwa na giza.

Hapo ndipo uzito wa mchezo ulipo. Kaizari ameshakufa, lakini woga na hasira alivyovitegemea kutawala bado vimo ndani ya watu, na anayelipa ni mtu asiye na kosa. Brutus alidhani kisu kimoja kingetosha kuirudishia Roma uhuru wake. Watazamaji wa 1937 waliona kwa macho yao kwamba hakikutosha.